Sifa za Kioo Kichafu cha Treni

Treni imesifiwa vya kutosha. Imesifiwa na wanasiasa siku ya uzinduzi, na wafanyabiashara wa mahindi siku ya kupakia, na watoto wanaokimbizana nayo hadi pumzi ziwaishie. Honi yake ina wapenzi, madaraja yake yamechorwa kwenye stempu. Lakini kile kioo cha dirishani, chenye vumbi la mikoa mitatu, mafuta ya nywele za abiria waliolala wakiegemea, na alama ya kiganja cha mtoto aliyetoka kula embe, sijasikia mtu akikitamkia hata neno moja la heri. Mimi mwanafunzi wa upigaji picha, mzaliwa wa Izia mjini Sumbawanga, nina deni nacho, na leo nalilipa hadharani.

Najua mtu wa Izia akitaja treni watu hucheka. Sumbawanga haina reli. Kaskazini reli inakomea Mpanda, kwenye tawi linalotoka Kaliua, ambalo Waingereza walilijenga kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Kusini, reli ya TAZARA inapita Tunduma ikielekea Kapiri Mposhi, Zambia. Kila upande ni zaidi ya kilomita 200 za basi. Na hata kama reli hizo mbili zingetuonea huruma zikapanda Ufipa na kukutana mjini kwetu, zisingeweza kushikana mikono: ya Mpanda ina upana wa milimita 1,000, ya TAZARA 1,067. Kwa hiyo sisi treni tunaifuata ilipo. Hilo halinisikitishi, kwa sababu njiani tunasomeshwa kwanza na dirisha la basi. Kabla lami haijatufikia, mtu wa Rukwa aliyesafiri alirudi na habari za dunia iliyopakwa vumbi, nasi tuliokuwa wadogo tulidhani ndiyo rangi yake.

Sasa nianze na fadhila kubwa. Picha zangu za treni ni nyingi na nyingine ni nzuri. Nasema bila haya, maana zile nzuri sikuzipiga peke yangu. Nikizipanga mezani naona kwamba zile safi, nilizopiga nikiwa nimesimama chini stesheni, zingeweza kupigwa na yeyote. Kichwa cha treni kipo, mabehewa yapo, anga ipo. Mimi sipo. Anayezitazama anaweza kudhani zimepigwa na mkurugenzi, au mtalii, au malaika. Nikija kwenye zile za dirishani mambo yanabadilika. Kuna moja ambayo jicho langu la kushoto limetua juu ya paa la bati la nyumba ya mtu, mnara wa simu umenichoma shavuni, na kile kiganja cha embe kimeniotesha ndevu ambazo Mungu bado ananicheleweshea. Hapo hakuna ubishi: aliyepiga ni abiria, amekata tiketi, amekaa daraja ambalo watu wanakula embe, na hana pa kwenda mpaka kesho. Kioo safi kingemficha mtu huyo. Kichafu kimemtaja kwa jina.

Wenye elimu watasema hiyo ni fizikia tu. Sawa, nayo fizikia ni ndugu yake. Kioo cha kawaida hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga kwa kila uso, yaani asilimia 8 hivi kwa nyuso zote mbili. Mchana kiasi hicho huonekana kwa taabu, jua la nje linakimeza karibu chote. Lakini TAZARA ikitoka Mlimba kupanda kuelekea Makambako, inaanza kuingia kwenye mahandaki yaliyochimbwa kati ya mwaka 1970 na 1975, Wachina na Watanzania wakiupasua mlima pamoja. Unatazama bonde, kijani tupu, mto chini kabisa. Ghafla bonde linazimwa. Nje hakuna kitu, na zile asilimia 8 zinageuka kuwa mali yote iliyobaki: taa ya behewa, mizigo, na sura yangu iliyoshangaa na kamera puani. Serikali mbili na mkopo wa Beijing usio na riba vilihitajika ili mimi nipate studio ya giza. Mjini Sumbawanga studio ina pazia la bluu na kiti kimoja, na mwenyewe anakuamuru usicheke. Handakini hakuna anayekuamuru, ila muda ni mfupi na huwezi kuomba urudishiwe.

Kioo hiki pia ni mwalimu mkali. Ukiiachia kamera itafute fokasi yenyewe, italitafuta vumbi na kuling'ang'ania, na nje ya dirisha Tanzania yote itakuwa uji. Lazima ushike lenzi kwa mkono. Ukilifungua tundu lake sana, tuseme f/2, uchafu ulio karibu unayeyuka na kubaki ukungu mwepisi, na wasiojua watakusifu kwa ukungu huo wakidhani ni alfajiri. Ukilibana hadi f/16, kila kidole kilichowahi kugusa dirisha hilo kinakuja kutoa ushahidi. Halafu kuna jua. Upande linakopiga, vumbi linawaka lote na kioo kinakuwa ukuta mweupe. Upande wa kivuli kinakubali kupitika. Ndiyo maana mimi nikiingia behewani nauliza kwanza jua litakuwa wapi saa kumi, na abiria wenzangu wananiona mshirikina. Mtu kutoka Sumbawanga ameshazoea kusingiziwa hivyo.

Kuna mtu ataniuliza kwa nini nisifungue dirisha. Huyo hajawahi kukaa mkabala na mama mwenye mtoto mgonjwa.

"Mwanangu, funga dirisha. Mtoto ana kifua."

"Shikamoo mama. Dakika moja tu, nipige lile daraja."

"Marahaba. Daraja halitahama. Funga."

Nikafunga, na daraja nikalipiga kupitia kioo. Ndani ya picha, juu ya vyuma, amekaa yule mama na mtoto wake, wameelea hewani, wakubwa kuliko daraja. Ningeshinda ule ubishi ningekuwa na picha ya chuma.

Wakubwa wa kazi hii hawakuhitaji msaada wa namna hiyo. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, alitoa mwaka 1986 pamoja na Duncan Willetts kitabu kizima cha picha za reli ya Afrika Mashariki, Railway Across the Equator. Kitabu kama kile kinamtaka mtu ashuke, aitangulie treni, aisubiri pale jua linapoipendeza. Mimi nikishuka, treni inaniacha. Mmarekani Lee Friedlander yuko karibu nami zaidi: mwaka 1970 alichapisha kitabu cha picha zake mwenyewe ambamo anaonekana kama kivuli mgongoni mwa mtu, au sura iliyonasa kwenye kioo cha duka. Walimu wangu wanamheshimu sana Friedlander. Mimi nikiwaletea kitu hichohicho kutoka daraja la tatu, wananishauri ninunue kitambaa cha kufutia.

Bibi yangu wa Izia ndiye mhakiki wa kweli. Nilimpelekea moja ya picha za handakini, imechapishwa vizuri. Akaisogeza mlangoni penye mwanga.

"Mjukuu wangu, mbona umekonda hivi? Na hili shimo la kichwani?"

"Ni taa ya behewa, Bibi."

"Basi mwambie aliyekupiga akurudishie hela."

Nilimsimulia habari za Samuel Fosso, kijana aliyefungua studio yake Bangui mwaka 1975 akiwa na miaka 13. Jioni, wateja wakishaondoka, alizimalizia fremu zilizobaki kwenye filamu kwa kujipiga mwenyewe, akampelekea picha bibi yake Nigeria aone kwamba mjukuu ni mzima. Leo picha zake ziko kwenye makumbusho makubwa. Bibi akasikiliza hadi mwisho, akauliza kama za Fosso zinaonyesha uso. Nikakiri zinaonyesha, na mavazi pia, yamepigwa pasi. Akanirudishia yangu. Lakini baadaye niliiona imechomekwa nyuma ya kalenda ya parokia, kwa hiyo hukumu yake bado naisubiri.

Hatari ipo, nisiifiche. Tangu katikati ya mwaka 2024 treni ya umeme inakwenda Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma, kwa mwendo unaofika kilomita 160 kwa saa. Ni jambo la kujivunia na mimi najivunia. Vioo vyake havifunguki, ndani kuna kiyoyozi, na mtoto mwenye embe anatazamwa kwa jicho baya. Usiku bado utajiona dirishani, lakini utajiona kama ulivyo, na hilo hata kioo cha kinyozi kinaliweza bila nauli.

Kwa hiyo wewe ndugu mwenye ndoo na brashi, unayesimama kandokando ya reli ukingojea mabehewa yaingie, nakusihi. Osha ngazi. Osha kichwa cha treni king'ae kwenye picha za wenzangu. Choo kioshe mara mbili, hapo hata sanaa haina utetezi. Ila dirisha la tatu, upande wa kivuli, liruke mpaka niwasilishe kazi yangu ya mwaka wa mwisho. Nauli nimeshalipa.