Tunaomba Mtu wa Kushindwa
Barua ya wazi kwa Tume ya Uchaguzi ya chama tawala, NRM, Barabara ya Kyadondo, Kampala

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Nakuandikia kutoka Kisugu, Makindye, kuhusu uchaguzi wa 2031 mapema hivi ili isije ikasemwa kwamba wanachama wa mjini huamka siku ya kufunga fomu.

Kwanza pongezi. Mwaka 2025 tume yako ilitufunza uvumilivu kwa vitendo. Mwezi Mei tulijipanga mistari vijijini kuchagua kamati zetu. Tarehe 17 Julai, siku ya Alhamisi, siku ambayo mtu wa mtaa jirani wa Namuwongo asipotoka hali, wanachama nchi nzima waliitwa tena wajipange nyuma ya wanaoutaka ubunge. Hakuna karatasi, hakuna pazia. Unasimama juani nyuma ya mtu wako, au nyuma ya aliyeshika picha yake, na kila mtu anakuona. Bosi wako anakuona. Mama anayekukopesha posho na maharage anakuona, na daftari la madeni analo kwapani. Mpangaji anayedaiwa kodi ya miezi miwili hana haja ya ilani ya chama. Anatazama mwenye nyumba wake amesimama wapi, naye anakwenda kusimama pale pale.

Wakenya waliwahi kuwa na mtindo huu, wakauita mlolongo. Chama chao tawala, KANU, kiliutumia mwaka 1988, mistari mifupi ikaishinda mistari mirefu, mpaka wenyewe wakaona haya na kuuacha. Sisi haya hiyo hatujaifikia, lakini safari ni hatua.

Hata hivyo, leo sikuja kulalamikia mistari. Mistari tumeizoea. Ninachouliza ni kwa nini mstari wa juu kabisa haupo.

Mwishoni mwa Juni mwaka huo huo wa 2025 Mzee, rais wetu na mwenyekiti wa chama, alifika Kyadondo kuchukua fomu mbili, moja ya uenyekiti wa chama na nyingine ya kubeba bendera ya urais. Habari ikatangazwa kwa shangwe ya kutangazia matokeo, na kweli yalikuwa matokeo. Sasa nisaidie hesabu hii. Kwa ujumbe wa kamati ya kijiji, kazi ambayo malipo yake ni soda, watu walitukanana mpaka wake zao wakaacha kusalimiana kisimani. Kwa kiti kinachoendesha nchi tangu Januari 1986, mgombea ni mmoja. Ushindani ukiwa chini mnauita demokrasia. Ukipanda juu mnauita utovu wa nidhamu.

Historia ya jambo hili sote tunaijua, ila niiandike ili karani wako apate cha kuweka kwenye faili. Februari 2014 wabunge wa chama walikaa kwenye kambi ya mafunzo ya Kyankwanzi wakaamua kwamba mgombea wa 2016 ni Mzee yule yule, na mbunge wa vijana, Evelyn Anite, akaiwasilisha hoja hiyo akiwa amepiga magoti. Mwaka uliofuata akawa waziri mdogo wa vijana. Goti lina faida. Amama Mbabazi, wakati huo waziri mkuu na katibu mkuu wa chama, alitia saini kama wenzake, lakini ikaonekana saini yake haikutoka moyoni. Septemba 2014 uwaziri mkuu ukamtoka. Desemba mkutano mkuu wa Namboole ukabadili katiba ya chama ili katibu mkuu awe wa kuteuliwa, si wa kuchaguliwa. Juni 2015 Mbabazi akatangaza kwa video kwamba anataka kugombea, na tarehe 9 Julai akakamatwa Njeru akielekea Mbale kuonana na watu. Februari 2019, kwenye hoteli ya mbugani kule Chobe, kamati kuu ikapendekeza mgombea awe Mzee mwaka 2021 na kuendelea. Kuendelea mpaka lini, hata viboko wa Nile hawakuambiwa.

Zamani tulijifariji kwa kuchungulia majirani. Septemba 2015 wapinzani wetu wa FDC walikuwa na Besigye na Muntu wakiitaka bendera moja. Wajumbe wakapiga kura, 718 kwa 289, na dunia haikuisha. Mwaka huo huo wenzetu wa CCM huko Tanzania walichukua fomu ya urais watu 42, wakazirudisha 38, wakachujwa wakabaki watano, wakabaki watatu, akapatikana Magufuli. Watu 42! Sisi hapa tukasikia wivu kama wa mtoto anayetazama harusi kwa juu ya ukuta. Kisha Januari 2025 mkutano mkuu wa CCM ukakaa Dodoma na kumpitisha Rais Samia kuwa mgombea pekee, hata muda wa kuchukua fomu ukiwa haujafika. Kumbe ugonjwa wetu ulishavuka mpaka wa Mutukula.

Ndiyo maana, Mheshimiwa, siombi mageuzi. Najua mna shughuli nyingi. Naomba mtu wa kushindwa.

Naomba chama kianzishe cheo kipya, Mshindwa Rasmi, mwenye ofisi, muhuri na kiti cha kuzunguka. Kazi yake iwe moja tu, kugombea urais ndani ya chama kila baada ya miaka mitano na kushindwa kwa heshima. Nafasi itangazwe magazetini ili vijana waombe, maana wenye digrii wanaoendesha bodaboda pale Kabalagala ni wengi na hii ni ajira. Sifa zake ziwe hizi: awe raia, awe na kadi ya njano ya chama, na asiwe na rafiki yeyote jeshini. Asiwe mrefu kupita kiasi. Asiwe na sura ya kupendeza kwenye bango. Sauti yake iwe ya wastani, inayosikika lakini haisisimui. Asiwe tajiri, maana tajiri hupata mawazo, wala asiwe fukara kabisa, maana watu watamhurumia na huruma hupanga mstari. Akishapatikana apelekwe Kyankwanzi kwa kozi ya kushindwa: namna ya kutabasamu matokeo yanaposomwa, namna ya kumkumbatia mshindi bila kumwangusha kofia, na namna ya kupiga goti taratibu asiumie, kwani hilo tayari lina wataalamu.

Vifaa vyake visigharimu sana. Apewe hema moja, spika moja yenye mkwaruzo, fulana mia tatu ambazo rangi yake ya njano imepauka kidogo ili tusichanganye, na gari lisilowaka asubuhi. Apewe pia barua ya polisi inayomruhusu kuvuka Njeru akielekea Mbale bila kulala rumande. Kura zake ziwekewe kiwango. Mbabazi alipotoka chamani na kugombea mwenyewe mwaka 2016, tume ya uchaguzi ya taifa ilimpa asilimia 1.39. Mshindwa wetu apewe mbili, ili aone faida ya kubaki chamani.

Hotuba yake ipitiwe na tume kabla ya kusomwa. Mstari wowote wenye jibu ufutwe. Ninachoomba abakishiwe maswali matatu tu kwa kila mkutano. Akifika kwetu, apitishwe Namuwongo mvua ikiwa imenyesha, aoneshwe nyumba ambazo maji ya mtaro wa Nakivubo huingia bila hodi, na waliobomolewa kando ya reli mwaka 2014 wamweleze walikwenda wapi. Kisha apande jukwaani aulize kwa sauti yake ya wastani: kwa nini? Hapo ndipo ilipo raha yetu. Si yeye tunayetaka kumsikia. Tunataka kumwona yule mwingine akilazimika kushika kipaza sauti na kujibu. Lini mlimwona akitujibu sisi, wanachama wake, kwa sababu pembeni yake amesimama mwanachama mwingine anayekitaka kile kiti?

Jioni ya matokeo, Mshindwa asome tamko lililochapwa wiki moja kabla. Tarehe 26 Januari, Siku ya Ukombozi, avalishwe nishani, apewe ng'ombe wawili na pensheni. Na ikitokea kwa bahati mbaya mstari wake ukawa mrefu, msihangaike. Fomu ya matokeo si lazima ifanane na uwanja. Wanachama wa nchi hii wameshaliona hilo wakiwa wamesimama.

Mnatuogopa nini? Sisi ndio tuliokuja na mvua na jua. Sisi ndio tuliovaa njano katika mtaa ambao kuvaa njano ni kuchekwa, na usiku wa uchaguzi kupigwa. Tulibeba mabango yenu, tukagombana na ndugu zetu kwa ajili yenu, tukazomewa stendi, halafu linapofika swali moja lenye uzito mnakwenda kulijibu mbugani, hotelini, nyuma ya geti lenye askari, na kutuletea jibu tulipigie makofi. Mnatuamini kumchagua mtu wa kutunza muhuri wa kijiji. Kumchagua mwenye kutunza jeshi hamtuamini. Kama sisi ni watoto, mbona mnatuomba kura? Na kama ni watu wazima, nani aliwapa ruhusa ya kututafunia chakula kabla ya kutulisha?

Samahani, Mheshimiwa. Ni jua tu. Naendelea na maombi madogo.

Mistari ikiendelea kuwepo, iwe na kivuli. Upigaji kura usiwekwe siku ya kazi. Kitabu cha njano, yaani daftari la wanachama, kipitiwe upya. Wapo marehemu ambao hawajakosa mkutano tangu wazikwe. Sukari na sabuni zifike kabla ya mgombea, si baada yake. Fulana zije za saizi zaidi ya moja, wanachama wengine tuna matumbo. Wenye nyumba wapangwe mstari wao peke yao, nyuma ya ukuta. Na wageni wa kambi ya Kyankwanzi wanaporudi na azimio lililokwisha kupitishwa, wasituulize tunaonaje.

Najua mtanijibu kwamba hakuna aliyekatazwa. Fomu zilikuwepo, mlango ulikuwa wazi, wengine hawakujitokeza kwa mapenzi yao. Ni kweli kabisa. Mlango ulikuwa wazi, na kila mwenye macho alimtazama wa mwisho aliyejaribu kuupita, akaona katibu mkuu mzima anapoteza cheo, anapoteza chama, na anakamatwa barabarani, yote ndani ya miezi kumi. Baada ya hapo hamkuhitaji kumkataza mtu. Nidhamu mnayojivunia kuwa ni mshikamano wa chama ni watu wazima wanaokumbuka vizuri.

Mtasema pia kwamba Mzee angeshinda hata angesimama na kumi. Inawezekana sana. Mimi mwenyewe pengine ningesimama kwenye mstari wake, kwa hiari yangu, mwenye nyumba akiwa safarini. Hilo ndilo linaloniuma. Mmemnyima hata yeye nafasi ya kujua nani yuko naye kwa kupenda na nani amejipanga kwa sababu mstari mwingine haukuwepo. Na mmetunyima sisi kitu ambacho mwenzetu wa FDC alikipata mwaka 2015, mwaka ule ule mlipokuwa mkimsaka Mbabazi barabarani. Alisimama na kusema huyu ndiye, na yule siye.

Kwa hiyo ombi langu nalipunguza mpaka lilingane na bajeti yenu. Mshindwa Rasmi aweza kusubiri, na ng'ombe wake pia. Kabla ya 2031, chapisheni fomu ya pili ya urais, muiweke juu ya meza pale Kyadondo, na mtoe ahadi ya maandishi kwamba atakayeichukua atalala nyumbani kwake usiku huo na cheo chake kitakuwepo asubuhi. Karatasi yake tuko tayari kuichangia. Asipojitokeza mtu hapo, tutajua kweli kwamba wanachama wote tunamtaka mmoja. Mpaka ahadi hiyo itolewe, msiseme tulichagua. Hatukuulizwa.

Wako katika chama,
Mwanachama, Kisugu