Namna ya Kuingia Maktaba Bila Kuguswa na Kitabu

Mwongozo huu ni kwa mkazi wa Babati mwenye heshima zake: alisoma akamaliza, akapata cheti, akakitia fremu sebuleni, na tangu hapo hajamsumbua mtu kwa kufungua kitabu. Watu wa aina hii ni wengi mjini kwetu, na wamesahaulika. Makongamano ya kuhamasisha usomaji hayaishi. La kuwasaidia wao waendelee kutosoma kwa amani halijaitishwa hata moja. Tumeona tuzibe pengo hilo.

Jambo la kwanza ni kutojua maktaba ilipo. Panda bodaboda stendi, mwambie kijana akupeleke maktaba. Atakubali papo hapo, maana hajazaliwa bodaboda wa kukiri kuwa mahali hapajui, na atakushusha kwa adabu zote mbele ya steshenari. Usibishane naye. Pale pana karatasi, pana wino, pana mashine ya fotokopi inayonguruma kama trekta la Magugu. Wengi wetu haja yetu na maandishi inaishia hapo. Mpe buku lake, ambalo ndilo buku pekee utakalolishika siku hiyo, piga kopi ya kitambulisho cha NIDA, rudi nyumbani.

Ikitokea bahati mbaya ukafika maktaba yenyewe, usipaniki. Mlangoni utakuta kaunta buku iliyopigwa mistari kwa rula: tarehe, jina, anakotoka, kazi, saa ya kuingia, saa ya kutoka, saini. Itazame vizuri safu ya kazi. Mwanafunzi, mwanafunzi, kisha zile alama mbili za "kama hapo juu" zinateremka hadi mwisho wa ukurasa. Katikati yupo mkulima mmoja, aliingia saa 5:10 akatoka saa 5:14. Huyo alikuja kuulizia choo. Andika "mjasiriamali," weka saini ndefu, ingia.

Meza ya kuchagua ni ile yenye soketi. Chomeka simu, funua daftari lolote mbele yako, kunja uso. Waliokuzunguka ni kidato cha nne kutoka shule za kata, na kila mmoja amekuja na madaftari yake na karatasi za mitihani ya NECTA ya miaka iliyopita. Rafu hawazigusi. Oktoba wanajaa mpaka kwenye ngazi. Mtihani wa Novemba ukiisha wanatoweka, na viti vinapumua hadi mwakani. Hapa niweke kejeli pembeni kidogo: hawa msiwacheke. Mtoto anayeishi chumba kimoja na wadogo zake wanne, redio, na jirani anayechomelea mageti, hiyo meza ya kimya anaihitaji kuliko kitabu. Kama maktaba ingempa meza tu na isimpe kingine, bado ingekuwa imefanya kazi ambayo hakuna mwingine mjini anaifanya.

Lakini tunaweza kujifunza kitu kwao. Mwulize mmoja kuhusu "Watoto wa Mama N'tilie" ya Emmanuel Mbogo. Atakutajia dhamira, ujumbe, wahusika na mbinu za kisanaa bila kupumua, yote kutoka kwenye kitabu cha uhakiki. Mwulize sasa hadithi yenyewe inaanzia wapi. Atakutazama kwa huruma akwambie hilo halitoki kwenye mtihani. Ukifika kiwango hicho, umehitimu.

Rafu zina hatari zake, kwa hiyo ni vizuri kujua ramani. Mmarekani Melvil Dewey aliigawa elimu yote ya dunia kwa namba mwaka 1876, na hakujua kwamba alikuwa anaipanga Babati. Mchele wa Magugu uko 633.18. Ng'ombe 636.2, kuku 636.5, nyuki 638, perege wa Ziwa Babati 639, na viboko wa ziwa hilohilo wametupwa huko 599 pamoja na wanyonyeshao wenzao. Eneo la 630 hadi 639 lipite haraka, kichwa ukiwa umekigeuzia dirishani kama unautazama Mlima Kwaraa. Huko ndiko anakoweza kupotelea mtu mwenye ekari mbili na banda la kuku. Pa kusimama kwa usalama ni kwenye rafu za misaada, ambazo maktaba nyingi za nchi hii zinazo: bustani wakati wa theluji, kodi ya mapato ya nchi za watu, mafunzo ya programu ya kompyuta iliyokwisha kuzikwa. Wafadhili waliovituma vitabu hivyo walikuwa na moyo mwema na walitaka kupata nafasi kwenye maghala yao. Hapo unaweza kusimama saa nzima na lisikupate lolote.

Visingizio vyako navyo vihakiki mara kwa mara, kwa kuwa vinaoza. Chukua mfano wa Abdulrazak Gurnah. Mwaka 2021 alipopata Nobeli tulimpongeza kwenye status, bendera mbili, makopa matatu, "Mzanzibari wetu," na tulipoulizwa kama tumemsoma tukasema anaandika Kiingereza. Kisingizio safi kabisa. Mwaka 2022 Ida Hadjivayanis akakiharibu: riwaya ya "Paradise" ikatoka kwa Kiswahili, jina lake "Peponi," Mkuki na Nyota wakaichapa. Tukahamia kwenye bei. Bei nayo haisimami mahali penye maktaba, maana kitabu cha maktaba husomwa na mtu asiyekinunua. Kimebaki kimoja tu, "sina muda," na hicho nacho kina ufa, kwa sababu Mwalimu Nyerere alimtafsiri Shakespeare, "Mabepari wa Venisi" ikatoka mwaka 1969, huku anaendesha nchi. Wewe unaendesha kibanda cha miamala na mteja wa mwisho alikuja asubuhi. Ukiulizwa, jibu kwa ukali, ondoka haraka.

Historia nayo usiikaribie. Mtu akianza kuisoma anagundua kwamba kukosa vitabu hakukuwa desturi ya mababu. Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa 1948, ilisambaza masanduku ya vitabu na kuazimisha watu kwa posta. Miaka miwili tu baada ya uhuru, 1963, ikapitishwa sheria ya kuunda bodi ya maktaba, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu mwenyewe akafungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam. Sikukuu nzima ya uhuru, rais anafungua nyumba ya vitabu! Halafu ikaja 1973, kampeni ya "Mtu ni Afya": watu wapatao milioni mbili nchi nzima, wengi wao wanavijiji, walikaa kwenye vikundi, redio ikiongea, kijitabu kinasomwa kwa sauti, kisha kinajadiliwa. Na walipoinuka walikwenda kuchimba vyoo. Umeona? Watu walisoma wakaenda kushika majembe. Ugonjwa huu unaanzia kwenye macho na kuishia mikononi, na ndiyo maana mtu makini anauzuia mapema.

Njia bora ya kuuzuia ni tamasha la usomaji. Babati tuna uzoefu wa shughuli kubwa. Kilele cha Mwenge wa Uhuru tarehe 14 Oktoba 2023 kilikuwa hapa kwetu, Uwanja wa Kwaraa, kwa hiyo tamasha la vitabu halitutoi jasho. Chagua tarehe 8 Septemba, Siku ya Kisomo Duniani, au 23 Aprili, ya vitabu. Bajeti ielekee kwenye mambo ya msingi: bango, fulana, maturubai ya wageni, spika mbili, posho, maji ya chupa, na chakula cha meza kuu. Vitabu viwe boksi moja. Vikizidi, vitaharibu mpangilio wa meza. Watoto waje saa mbili asubuhi, wapangwe juani kwa urefu. Mgeni rasmi aingie saa sita. Asome hotuba, tena asome neno kwa neno bila kuinua macho, aeleze anavyopenda kusoma, na asichelewe kuomba radhi kwamba ana kikao kingine.

Boksi lifunguliwe kwa ajili ya picha. Mtoto mmoja, msafi, ashikishwe kitabu. Picha ikishatoka vizuri kitabu kirudi kwenye boksi, boksi liende kwenye kabati la ofisi ya mwalimu mkuu, na ufunguo uende kwenye mfuko wa suruali ambayo leo hakuivaa. Jumatatu atatokea mmoja wa wale wabishi:

"Shikamoo mwalimu. Naomba kile kitabu cha sungura."

"Marahaba. Mtakichana kile. Subirini mgeni mwingine aje."

Mwalimu huyo si mtu mbaya. Kitabu kikipotea kitatafutwa kwake, kisiposomwa hakuna atakayemwuliza, na kila mwenye akili timamu katika nafasi yake angefunga kabati. Kaguzi zetu huhesabu vitabu vilivyopo. Siku zikianza kuhesabu vilivyochakaa, kazi yote ya mwongozo huu itakuwa imekwenda na maji.

Tishio jingine liko kwa majirani. Kenya, tangu 1996, huduma ya maktaba ya taifa imekuwa ikibebesha ngamia masanduku ya vitabu na kuwafuata wafugaji huko Garissa. Fikiria jambo kama hilo likivuka Namanga likashuka mpaka kwetu, wafugaji wa Hanang na Simanjiro wakaletewa riwaya hadi bomani! Tusiwe na wasiwasi sana, geti la mazao lipo. Ngamia atasimamishwa, ataulizwa stakabadhi ya ushuru wa mzigo, na riwaya zitalala getini mpaka mwenye mamlaka arudi kutoka semina.

Kuhusu mwandishi wa hapahapa Babati, kama unamfahamu, msaidie kwa kumwita "mtunzi" hadharani na kumwomba nakala ya bure faraghani. Mwache ahangaikie ISBN kwenye bodi ya maktaba, azindue ukumbini kama sendoff, ndugu zake wamnunulie kwa huruma. Wazo la kupeleka nakala mbili tatu maktaba ya mkoa wake asipewe na mtu.

Limebaki suala la ajali. Kuna siku utaingia kukwepa mvua, simu imezima, meza ya soketi imekaliwa. Ili usitambulike utajificha nyuma ya rundo la magazeti ya zamani, ukitafuta ukurasa wa Simba na Yanga. Jicho litateleza. Utakuta habari ya Agosti 2017, India imeweka kikomo kwa mbaazi za kutoka nje, na ghafla utaelewa kwa nini mwaka ule gunia lako lilikataliwa hata kwa bei ya kutupa. Hapo mapigo ya moyo yatabadilika. Utataka gazeti la mwezi uliofuata. Baada ya hapo utajikuta 633, unatafuta jamii ya kunde, umeazima kalamu ya mtoto wa kidato cha nne na unaandika nyuma ya risiti swali la kumwuliza afisa ugani kwenye mkutano wa kijiji, swali lenye mwaka na tarakimu.

Ukifikia hali hiyo, usijitibu mwenyewe. Nenda kwa mkutubi, mweleze dalili zote.

"Shikamoo mama. Nahisi nimeanza kusoma."

"Marahaba. Magonjwa yako 616, rafu ile pale. Picha mbili za pasipoti za kadi ya uanachama unazo?"