Tangi la Samaki kwa Mtu wa Shelly Beach Mwenye Haraka

Hatua ya kwanza ya kufuga samaki ni kutonunua samaki. Najua umeshawaona, wale wekundu wa mkia mrefu, na muuzaji ameshatia wavu majini. Mwambie utarudi wiki sita baada ya kujaza tangi. Kati ya leo na siku hiyo kazi yako ni kufuga maji, na kwa mkaazi wa Shelly Beach, hapa Likoni, Mombasa, kazi hiyo ina mitego yake: ufukwe umejaa vitu vya kupendeza, na vingi kati ya hivyo vikiingia tangini vitawaua samaki wako.

Tangi lenyewe halina siri. Fundi wa vioo atakukatia kioo cha milimita 6 na kukiunganisha kwa silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya bafuni iache bafuni. Urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 35 vinakupa takriban lita 60, yaani kilo 60 za maji kabla hujatia mchanga. Meza ya plastiki haiwezi. Stendi ya chuma nayo, kwa upepo wa chumvi unaovuma huku, italiwa na kutu. Tafuta meza ya mbao nzito, uiweke mbali na dirisha lenye jua, kwani jua la moja kwa moja hugeuza maji kuwa ya kijani kibichi ndani ya siku chache.

Sasa shuka ufukweni maji yakiwa yamekupwa, ukatafute mti. Hapa usiwe na haraka hata kidogo, maana mti ndio utakaobeba sura ya tangi zima. Okota ukuni mgumu ulioachwa na bahari, uliotoka ganda, ambao ukiugonga unalia na ukiubonyeza kwa ukucha hauingii. Uliotobolewa na wale wadudu wanaokula vyombo vya wavuvi uuache, kwa sababu vishimo vyake hujaa uchafu usiooshwa. Ubao wenye rangi, misumari au harufu ya dizeli ni taka, hata ukiwa na umbo la kumvutia mchongaji. Mkoko uliosimama usiuguse. Mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa misitu ya serikali mwaka 1932, na kukata mti hai unaolinda mazalio ya samaki ili upambe sebule ya samaki watatu ni jambo la aibu hata pasipo na askari wa misitu karibu.

Ukuni wa baharini umekunywa chumvi hadi moyoni. Uchemshe kwenye sufuria kubwa, kisha uloweke katika ndoo ya maji baridi na ubadilishe maji kila baada ya siku mbili, kwa mwezi mzima. Utajuaje kwamba chumvi imekwisha? Chukua sahani nyeusi. Weka tone la maji safi ya bomba upande mmoja na tone la maji ya ndoo upande wa pili, uyaache yakauke juani. Doa la ndoo likiwa jeupe na zito kuliko la bomba, rudi ukaloweke. Mwezi huo pia unausaidia mti kuzama, kwani mti mkavu huelea, na ukiulazimisha chini kwa jiwe dogo utaibuka usiku na kung'oa kila ulichopanda.

Asiyeweza kungoja mwezi mzima na atafute tawi kavu la mpera lililokufa lenyewe, alichune ganda na kulichemsha. Mwarobaini usiuguse: sumu yake inayofukuza wadudu shambani haifai ndani ya maji. Mkorosho na mwembe nayo ina utomvu mkali.

Halafu kuna mkungu. Huu mti wa kivuli umetapakaa Likoni nzima, watoto hupasua kungu zake kwa mawe, na kila asubuhi mtu hufagia majani yake na kuyachoma. Majani hayohayo, makavu na mekundu, hupakiwa kwenye mifuko na kuuzwa kwa wafugaji wa samaki Ulaya na Marekani. Yakilowa hutoa tanini, maji yanapata rangi ya chai ya rangi, fangasi hupungua, na samaki wadogo hupata pa kujificha. Okota yaliyoanguka mbali na barabara, yaoshe, tia mawili. Kila ninapoona moshi wa majani ya mkungu natamani kumnyang'anya mtu ufagio.

Mchanga wa ufukweni usitie. Ni matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani chokaa tupu, tena yenye chumvi. Tumia mchanga wa mto ule wa wajenzi, uuoshe hadi maji yatoke safi. Kabla ya hapo dondoshea siki: ukitoa povu una chokaa, utafute mwingine. Jiwe lolote unalolipenda lipitie mtihani huohuo. Kombe lenye konokono hai ndani lirudi baharini mara moja. Na vile visamaki vya rangi vinavyonaswa kwenye vidimbwi vya miambani maji yakipwa havitaishi tangini mwako: mwili wao umeumbwa kupambana na maji ya chumvi, na ndani ya maji baridi hufyonza maji kupita kiasi hadi wanakufa.

Maji ya Likoni hutoka chemchemi za Marere kule Shimba Hills na visima vya Tiwi, bomba linapotoa. Lisipotoa, kuna mkokoteni wenye mitungi, ambao huenda umejaza kisimani. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, kwa hiyo maji yake ni magumu, na vilivyo karibu na bahari vina chumvi. Ukoko mweupe ndani ya birika lako ndio ushahidi. Maji magumu si msiba. Chagua samaki wanaoyapenda, kama gapi na moli. Ya bomba yaache wazi siku nzima klorini itoke.

Panda, jaza, ngoja. Kila siku tia chembe chache za chakula cha samaki katika tangi tupu. Watu wa nyumbani watauliza unamlisha nani, nawe waambie unalisha bakteria. Chakula kikioza hutoa amonia, sumu ileile ambayo samaki huitoa kupitia mashavu yao. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa naitraiti, ambayo pia ni sumu, na kundi la pili huigeuza hiyo kuwa naitreti, ambayo mimea huila. Makundi hayo mawili huhitaji wiki nne hadi sita kujaa, na hakuna hongo inayoyaharakisha. Muda huo wote funika tangi kwa kipande cha chandarua. Mombasa ilipata homa ya dengi mwaka 2013 na chikungunya mwishoni mwa 2017, na mbu anayezieneza hutaga kwenye maji yaliyotulia majumbani.

Aina mbili za mimea zinatosha. Anubia, mwenyeji wa mito ya Afrika Magharibi na Kati, ifunge kwa uzi juu ya mti wako. Ukifukia shina lake mchangani litaoza. Valisneria, ya majani marefu membamba, huota katika maziwa ya Afrika Mashariki, likiwemo Tanganyika. Kwa mmea huo, samaki wawili wa dhahabu na konokono, mkemia Robert Warington wa London alionyesha mwaka 1850 kwamba mimea na wanyama vinaweza kutunzana ndani ya chombo kimoja, konokono wakila majani yaliyooza. Joto la Mombasa limekuondolea gharama ya hita. Kama unatumia pampu ya hewa, stima ikipotea, mimea mingi na samaki wachache ndio usalama wako.

Wiki sita zimeisha? Nenda mjini asubuhi na mapema, nunua gapi watano, uvuke feri ukiwa umeufunga mfuko wao ndani ya kanga yenye unyevu, kivulini.

Ukiwaweza hao, jifunze kuhusu samaki wa kwetu hasa. Nothobranchius palmqvisti, aliyetajwa kisayansi mwaka 1907, huishi katika madimbwi ya mvua ya kusini mwa pwani ya Kenya na kaskazini mashariki mwa Tanzania. Dume ana mkia mwekundu na magamba ya buluu, na hula viluwiluwi vya mbu kwa bidii. Dimbwi likikauka wazazi hufa, mayai hubaki hai ndani ya tope hadi mvua irudi. Wapo wafugaji Ulaya wanaohifadhi mayai ya jamaa zake ndani ya mifuko ya mboji yenye unyevu, iliyoandikwa tarehe na jina la kijiji cha pwani yetu, ilhali kijijini kwenyewe dimbwi linafukiwa kwa kifusi bila mtu kuinama kutazama. Mvua za masika zikianza, inama utazame. Usichote bila kibali. Na gapi wakizaana, wape majirani. Mtoni wala bwawani usiwamwage kamwe, maana mgeni akishaingia majini ni vigumu kumtoa: tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 Ziwa Victoria linahangaika na gugumaji, mmea wa mapambo kutoka Amerika Kusini.