Heko kwa Anayetuita Wateja Wapendwa

Songea tumezoea kusifu vikubwa: mahindi yetu, mashujaa wa Maji Maji, kahawa ya jirani zetu wa Mbinga. Leo naomba nafasi nimsifu mchapakazi ambaye hajawahi kupewa hata cheti cha Mei Mosi, ingawa anafanya kazi Jumapili, sikukuu na saa nane za usiku. Namsema yule anayetuandikia barua pepe kwa jina la benki, pamoja na mdogo wake wa kwenye simu.

Nianze na adabu yake. Benki yako ya kweli hukuita kwa majina yako yote kama polisi, kisha hukujulisha makato ya mwezi. Huyu anaanza na "Mteja wetu mpendwa". Mpendwa! Wengine wanaotuita hivyo ni kamati za harusi, na wao pia wanataka pesa. Jina lako halijui, ni kweli, lakini mapenzi makubwa hayaulizi majina. Wala hana ubaguzi: atamjulisha mkulima wa Namtumbo kwamba akaunti yake imefungwa, wakati mkulima mwenyewe hajawahi kuifungua.

Na jinsi anavyotujali! Dirishani utapanga foleni mpaka miguu ife ganzi. Yeye anakupa saa 24 tu, la sivyo hela yako inapotea. Anajua ukipata muda wa kunywa chai utafikiri, na ukishafikiri utampigia mtu wa tawini.

Tumshukuru pia kwa elimu. Nani mwingine angetufundisha kusoma anwani ya mtumaji herufi kwa herufi? Anwani za NMB huishia nmbbank.co.tz, na za CRDB crdbbank.co.tz. Za kwake huishia popote: Gmail, au jina linalofanana na la benki ambamo herufi o imehama na sifuri ikaingia, au jina la benki limetangulia mbele huku mwenye nyumba halisi kajificha mwishoni. Ukibonyeza kiungo unakuta nembo na rangi zote zimekamilika, na nafasi za kujaza nywila, namba ya siri na zile tarakimu za uthibitisho zinazoingia kwenye simu. Benki haikuombi hayo kwa barua wala kwa simu. Lakini tuseme ukweli, nani mwingine anatamani kutujua kiasi hicho?

Kipaji chenyewe hasa, hata hivyo, anacho mdogo mtu. "Ile hela itume kwenye namba hii." Basi. Hakuna salamu wala jina. Tazama Songea baada ya mavuno: huyu anadaiwa na mwenye fuso, yule hajamlipa kibarua, mwingine kaahidi ada ya mtoto, na aliyewauzia mahindi NFRA, wakala wa hifadhi ya chakula, anachungulia simu kila dakika akisubiri ujumbe wa benki. Tuma sentensi ile kwa watu elfu moja, hutakosa mmoja aliyekuwa tayari ameshika simu amtumie mtu hela. Wanaomcheka aliyeibiwa kwamba ni mjinga hawajaielewa sanaa hii. Inamwinda mwenye shughuli nyingi, na mjini hapa hao ndio wengi.

Serikali ilimtambua tapeli wetu kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, heshima ambayo wauza mandazi wa Bombambili hawajaipata. Ripoti za mamlaka ya mawasiliano, TCRA, zimewahi kuitaja Rukwa na Morogoro kuwa vinara wa majaribio ya utapeli kwa simu. Sisi Ruvuma, pamoja na majigambo yetu yote ya mahindi, tumebaki wapokeaji. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza 2019, haukumvunja moyo: alitafuta vidole vya wengine. Ndiyo maana inafaa kubonyeza *106# mara moja moja, uone umezaa laini ngapi usizozijua.

Ana udhaifu mmoja, hapendi kuulizwa. Basi ukitaka kumuenzi, kiache kiungo chake kilipo. Piga namba iliyo nyuma ya kadi yako, au nenda tawini mwenyewe. Ndugu anayedai amebadilisha namba, mpigie kwenye ile ya zamani usikie sauti yake. Ujumbe wenyewe upeleke 15040, ambako TCRA hupokea taarifa za utapeli. Na kama umeshatoa namba ya siri, usilale nayo kwa aibu: ipigie benki sasa hivi wazuie akaunti, kisha nenda polisi.