Barua ya shukrani kwa bugumesta wetu

Baba Bugumesta,

Salamu kwa Mama nyumbani, kwa watoto, na kwa ile jipu mpya, maana nayo tumeshaizoea kama mtoto wa karitie.

Nakuandikia kutoa shukrani, kwa sababu huku kwetu Lubumbashi kitu hupokewa kwa mikono miwili. Kikwazo ni kimoja tu: sijui nikushukuru kiasi gani. Asante ya kuku si asante ya ng'ombe, nami sipendi kukudhulumu kwa kukupa ndogo.

Nilianza kupiga hesabu mwenyewe. Kanuni ya Migodi, kama ilivyorekebishwa na Sheria namba 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018, inasema mrabaha wa madini, ule tunaouita redevansi, ugawanywe hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 10 mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 kwa komini, sekta au sheferi ambamo mgodi unachimbwa. Shaba hutozwa asilimia 3.5. Kobalti, tangu ilipotangazwa kuwa madini ya kimkakati mwishoni mwa 2018, hutozwa asilimia 10. Basi mgodi ukiuza shaba yenye thamani ya dola milioni moja, fungu la komini ni dola 5,250. Ikiwa ni kobalti, ni dola 15,000. Sasa mtu asimame jioni kwenye barabara ya Kasumbalesa ahesabu makamyoni yanayoelekea mpakani. Mimi vidole viliniishia, nikaona afadhali nimwulize mwenye kalamu.

Zamani mambo yalikuwa mepesi. Fungu letu lilipitia kwanza hazina ya Kinshasa, na kutoka huko hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,500. Pesa nayo ina haki ya kuchoka njiani. Sisi tuliinung'unikia Kinshasa, na mabugumesta waliokutangulia walinung'unika pamoja nasi, kwaya moja, sauti moja. Tangu 2018 kampuni inatakiwa kulipa moja kwa moja kwenye akaunti ya komini. Waliotunga sheria hawakukuhurumia hata kidogo, Baba. Wamekunyang'anya Kinshasa.

Lakini kisima tumekiona, tusiwe watovu wa fadhila. Nasema kile cha pampu, karibu na soko. Utepe wake umekatwa mara tatu. Kwanza ulikata wewe, kwa jina la komini. Kisha wakaja watu wa kampuni na kofia zao ngumu, wakakata kwa jina la ile asilimia 0.3 ya mauzo ambayo sheria hiyohiyo inawadai kwa maendeleo ya wakaaji. Halafu, kampeni ilipokaribia, ikaja fondasio yenye jina lako na picha yako. Leo kisima kimezungukwa na vibao vitatu, kila kimoja kinasema "zawadi ya". Pampu imefungwa kufuli tangu mpira wake wa ndani ulipokatika, na wamama wamepanga mabidoni ya njano kivulini mwa vibao. Sikatai, kivuli nacho ni maendeleo. Na kwa kuwa kila kibao kina ripoti yake, nadhani kwenye makaratasi tuna visima vitatu. Viwili vitakuwa vya chini kwa chini.

Hiyo fondasio naipongeza kipekee. Komini ikitaka kugawa unga, itaulizwa bajeti. Fondasio ikigawa unga, inapigiwa makofi. Sheria namba 004/2001 ya mashirika yasiyo ya faida inataka kila shirika liwe na mkutano mkuu, na lenu halikukosa: wanachama wote wanalala nyumba moja, na mkutano unaisha kabla bukari haijapoa. Siku ya ugawaji, mama mmoja alikishika kifuko chenye picha yako akamwuliza kijana wa itifaki: "Ile feza ya bunga njo ya nani?" Akajibiwa ni ya Mheshimiwa. "Na Mheshimiwa aliitosha wapi?" Wakamrudisha nyuma ya mstari, ajifunze adabu.

Makofi haya hukuyaanzisha wewe, nakiri. Union Minière iliwapimia babu zetu posho, ikawajengea shule na hospitali. Gécamines ikaendeleza, na watu wakaiita kampuni baba na mama. Ila posho ile ilikuwa malipo ya jasho, na kila mfanyakazi alizijua kilo zake. Wangempunguzia, angesema.

Na tulikuwa na pa kusemea pia. Desemba 1957, Mbelgiji akiwa bado kitini, wakaaji wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, walipiga kura za komini. Katiba ya 2006 ikatuahidi komini zinazojitawala, kila moja na baraza lake, na madiwani wa komini tukaanza kuwapigia kura chini ya Katiba hiyo tarehe 20 Desemba 2023. Wewe mwenyewe uliteuliwa. Kwa hiyo silaumu shingo yako ikizoea kutazama juu. Waliokuweka hawakai karitie yetu.

Ombi langu ni dogo. Ukuta wa komini, ule wa upande wa barabara, umepakwa rangi juzi. Waandike pale, hata kwa mkaa, safu mbili: zilizoingia kutoka mgodini, na zilizotoka zikaenda wapi. Najua ITIE, ule mpango wa uwazi wa migodi, huchapisha malipo ya makampuni, lakini yamo katika ripoti nene za Kifaransa kwenye intaneti, na muuza sombe hawezi kumaliza mega zake akikutafuta wewe ukurasa kwa ukurasa. Siku namba zikikaa ukutani nitakuja mwenyewe, nimevaa suti, nikushukuru mbele ya watu hadi franga ya mwisho.

Wako mtiifu,
Mkaaji wa karitie ya nyuma ya mgodi

Tanbihi: Ukipanga kukifungua kile kisima mara ya nne, tujulishe mapema. Wapiga ngoma wamesema hawatoki kabla ya kulipwa ile ya mara ya tatu. Wameshabisha hodi kwa wenye vibao wote, na kila mmoja anawaelekeza kwa mwenzake.