Mwongozo wa Kupungua kwa Pointi kwa Wanaokula Sinia Moja

Nunua daftari dogo, kalamu na kikokotoo. Mizani ya jikoni achana nayo. Ukiiweka mezani mbele ya mama mkwe utakuwa umeanzisha kesi nyingine kabisa.

Mfumo huu tumeuazima kwa Wamarekani, basi wapewe heshima yao. Mwaka 1961, huko Queens, New York, mama wa nyumbani aitwaye Jean Nidetch, mwenye kilo kama 97, alikutana na mtu dukani akamsifu kwa kupendeza, halafu akamuuliza anatarajia kujifungua lini. Mimba hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni biskuti, ambazo alizificha bafuni ndani ya kapu la nguo chafu. Akaenda kliniki ya jiji, akapewa orodha ya vyakula, akawaita rafiki zake nyumbani wapungue pamoja, na mwaka 1963 ikazaliwa kampuni ya Weight Watchers. Pointi zilikuja baadaye sana, miaka ya 1990. Nadhani kuna mtu mwenye akili pale aliyeona kwamba binadamu ukimwambia asile chapati atakuchukia, lakini ukimtajia bei ya chapati ataanza kupiga hesabu.

Bei ilipangwa hivi. Chukua kalori za chakula, gawanya kwa 50. Chukua gramu za mafuta, gawanya kwa 12, ujumlishe. Halafu gramu za nyuzinyuzi gawanya kwa 5, utoe. Nyuzinyuzi zenyewe mwisho gramu 4, hata kama umemaliza shamba zima la mchicha. Mtu wa umbo la wastani alipewa pointi 20 na ushee za kutumia kwa siku.

Tuanze na asubuhi. Chapati moja ya mgahawani, ile inayong'aa, tuipe kalori 300, mafuta gramu 10 na nyuzinyuzi gramu 3. Inakuja pointi 6. Wewe unakula mbili, kwa sababu moja huagizwa na wagonjwa, kwa hiyo 12. Chai yenye vijiko vitatu vya sukari, 1. Saa tatu haijafika na zaidi ya nusu ya mshahara wa siku umeshakwenda. Usikate tamaa. Anza kuandika kwa penseli.

Mchana ndipo penyewe. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120 na mafuta gramu 14, yaani pointi 3 na nusu peke yake, kabla hakijagusa kitunguu. Kwa hiyo ukitaka kujua mchicha wako una pointi ngapi huna budi kujua umeungwa kwa vijiko vingapi. Nenda kwa mama ntilie ukamuulize.

"Mama, hapa umetia mafuta kiasi gani?"

"Ya kutosha, baba."

Andika: ya kutosha, 4. Usiendelee kuhoji. Ukirudia swali atadhani wewe ni bwana afya, na ukirudia la tatu atadhani huna hela, akuongezee mchuzi kwa huruma. Dumu lake la lita 5 halina kijiko, lina mkono, na mkono huacha kumimina pale roho inaporidhika.

Na hapa niweke kejeli pembeni kidogo: fomula ile haikukosea. Kinachotunenepesha wengi wetu kimejificha kwenye dumu na kwenye kopo la sukari, sisi tunahangaika kuulaumu wali. Basi, turudi kazini.

Kikwazo kikubwa ni kwamba mfumo ulitungwa kwa mtu mwenye sahani yake na pakiti yenye maandishi nyuma. Pilau la sinia halina maandishi nyuma. Watu sita wamelizunguka, mmoja anakula kwa kasi ya treni ya umeme, na mwenyeji anakusukumia minofu upande wako kila ukipumzika. Kanuni za sinia ni hizi. Jumla igawanywe kwa idadi ya waliokaa, na mtoto wa miaka mitatu ahesabiwe mlaji kamili. Nyama uliyosukumiwa ni ya aliyeisukuma, aiandike kwenye daftari lake. Ukoko hauna pointi, kwa kuwa haukupakuliwa. Kama wewe ndiye mpishi, kuonja chumvi si kula, hata ukionja kwa bakuli. Mabaki ya mwanao nayo huingia kwenye fungu la usafi wa jikoni.

Nyama choma inaonekana kuwa rahisi, maana ndiyo pekee inayopimwa kwa mizani mbele yako. Lakini inaletwa kilo mbili kwenye ubao mmoja, imekatwakatwa, na ikiisha hakuna anayekumbuka kula zaidi ya vipande vitatu. Jumlisha ushahidi wa watu wote mezani upate gramu 600. Zilizobaki andika "paka".

Ukiona 20 na ushee hazitoshi, fanya kama kampuni yenyewe: badilisha sheria. Mwaka 2010 walitangaza kwamba matunda karibu yote ni sifuri. Mwishoni mwa 2017 wakaongeza kwenye orodha ya sifuri mayai, kidari cha kuku kisicho na ngozi, maharage, na, kaa vizuri, mahindi. Walikusudia yale machanga matamu ya kwao, lakini sheria ikishaandikwa imeandikwa. Mahindi ya kuchemsha ya kando ya barabara, sifuri. Hayohayo yakipita mashineni yakawa sembe, bonge la ugali linakula nusu ya siku yako. Mwenye mashine ya kusaga hajui madhara anayotuletea.

Embe nalo hivyohivyo. Dodo ukilikata kwa kisu ni sifuri, ukilitia kwenye blenda linahesabiwa, kwa maelezo kwamba juisi hushuka upesi na haishibishi. Wana hoja: glasi moja inabeba maembe ambayo usingeyatafuna kwa kikao kimoja. Kuhusu maharage, watu wa Tanga na Unguja msishangilie. Maharage ni sifuri, ila tui zito la nusu kikombe ni karibu 6, na sijawahi kuona huko mtu akiyachemsha kwa maji akaita wageni.

Mazoezi hukurudishia pointi. Usilipe gym. Kugombea mlango wa mwendokasi Kimara saa moja asubuhi ni zoezi la mwili mzima, na kusimama kwa mguu mmoja hadi Kivukoni ni la mizani ya mwili. Jipe 3. Ukifika na viatu vyote viwili, jipe 4.

Wapo watakaokwambia mambo haya yamepitwa na wakati, na hawakosei sana. Mwaka 2023 kampuni hiyohiyo ilinunua biashara ya kuwaandikia watu sindano za kupunguza uzito, na Mei 2025 ikaenda mahakamani Marekani kuomba ulinzi dhidi ya wanaoidai, deni likiwa zaidi ya dola bilioni moja. Waliotufundisha kuandika kila tonge walikuwa na daftari lao pembeni.

Mara moja kwa wiki jipime. Yule kijana wa mizani pale kandokando ya barabara atakutoza sarafu mbili tatu. Panda na viatu, simu, funguo na mkoba. Namba ikiwa mbaya una cha kulaumu.

Ukipungua kweli, hapo ndipo utahitaji ujasiri. Kwa miaka yote umesikia "umenawiri" ukajua ni sifa. Sasa wataanza na "umependeza," kisha "umepungua, eeh?" kisha mtu atakuvuta pembeni aulize kwa sauti ya chini kama umepima. Shangazi atampigia simu dada yako kujua kama ndoa ina amani. Jumamosi atafika mwenyewe na chupa ya uji wa lishe: ulezi, mahindi, soya na karanga, umekorogwa kwa maziwa, umetiwa siagi, umewekwa sukari ya kumpa mgonjwa nguvu. Atavuta kiti akae akutazame ukinywa. Kikombe kimoja tukikipa kalori 400, mafuta gramu 18 na nyuzinyuzi zile 4 tulizoruhusiwa, ni 8.7. Andika 9, na uache nafasi chini yake, chupa ni ya lita mbili.