Paka wa Bibi na Mafuta ya Krismasi

Mchagga akikupenda, anakulisha mafuta. Mwanamke akijifungua huko mlimani, mama mkwe haji mikono mitupu: analeta samli, mtori na mlaso, ule mchanganyiko wa damu, maziwa na mafuta, na kwa miezi mitatu kazi ya mzazi ni kula na kunyonyesha. Akitoka ndani mashavu hayang'ai, aibu ni ya mama mkwe. Hata mgeni anayeshuka basi stendi ya Moshi mwezi wa Desemba huambiwa "umepungua" kabla salamu haijaitikiwa, kisha anawekewa bakuli la supu ambalo mchuzi wenyewe hauonekani kwa mafuta yaliyoelea. Kwa mila hiyo, zamu ya paka ilikuwa lazima ifike.

Aliyeileta zamu hiyo ni binamu yangu anayeishi Ujerumani. Huko anafuga fereti, mnyama mdogo mwenye mwili mrefu, wa ukoo mmoja na kicheche na nyegere. Wazungu wamemfuga kwa zaidi ya miaka 2,000 kwa kazi ya kuwafuata sungura mashimoni na kuwafurusha nje. Wa binamu hana kazi yoyote. Analala kwenye bembea yake sebuleni, na chakula chake kina masharti kuliko cha mgonjwa wa kisukari. Anakula nyama mbichi ya sungura. Utumbo wake ni mfupi sana, hata alichokimeza asubuhi, saa tatu au nne baadaye kimeshatoka. Nafaka na majani havimfai; nguvu zake zote zinatokana na nyama na mafuta. Na kwa kuwa nyama ya sungura ni kavu, binamu humwongezea ngozi ya kuku, kiini cha yai au kipande cha mafuta ya bata, kila kitu kikipita kwanza kwenye mizani ndogo ya jikoni.

Mizani hiyo alipanda nayo mpaka Kibosho kwa Bibi. Akaamkia, akaambiwa amepungua, akanywa supu yake, kisha macho yakamwangukia paka. Paka wa Bibi anaitwa Paka. Ofisi yake ni stoo ya mahindi na maharage, mshahara wake ni panya, na mbavu zake unaweza kuzihesabu ukiwa umesimama mlangoni.

"Bibi, huyu anahitaji mafuta," akasema binamu.

Nilidhani Bibi atacheka. Huyu ndiye Bibi ambaye mbwa akipewa ugali wa moto huuliza tumeanza kupokea wageni lini. Lakini alimtazama mjukuu wake kwa namna ya mtu ambaye, baada ya miaka yote ile ya ada, ameiona faida ya shule.

"Si ndiyo ninayosema siku zote, mama? Mafuta!"

Mbuzi alichinjwa mkesha wa Krismasi. Kwetu nyama haigawanywi ovyo. Kila kiungo kina mwenyewe, na mtu akikosa chake kesi inaweza kufika Pasaka. Mafuta yanayozunguka figo ndiyo hayana kesi. Binamu akakaa nayo jikoni kwenye kigoda, kisu mkono mmoja, mizani miguuni. Mafuta ya mbuzi ni makaidi. Yakitoka kwa mnyama ni ya joto na yanateleza. Upepo wa jioni ukiyapiga kidogo tu yanaganda, yanabana vidole, yanaacha ukungu mweupe kwenye makali ya kisu, na sabuni ya kipande unaisugua mpaka unaikatia tamaa. Akakata vipande vya ukubwa wa ukucha, akavipanga kwenye jani la mgomba, akatutangazia sote: "Gramu tatu. Asubuhi tu. Asizidishiwe."

"Gramu tatu ndiyo kiasi gani?" akauliza Bibi.

"Kidogo sana, Bibi."

"Basi sema kidogo."

Asubuhi ya Krismasi binamu alitoa gramu zake tatu kwa heshima zote, akaenda kanisani. Bibi, aliyekwisha kusali misa ya kwanza, akabaki jikoni akatoa za kwake bila mizani, moyoni akijua kwamba Ulaya imemfundisha mtoto uchoyo. Mchana watoto, ambao hawapendi mafuta ila wanaogopa kuyaacha kwenye sahani, wakayapitisha chini ya meza. Jioni mjomba alikuwa na kata yake ya pombe ya mbege, paka akaja kukaa karibu na mguu wake akilia kwa sauti ya yatima, na mjomba ni mtu wa huruma, hasa kuanzia kata ya pili. Kila mmoja alitoa kwa siri, kwa sababu kila mmoja alikuwa amesikia kwamba asizidishiwe. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Mwenye hesabu kamili alikuwa paka peke yake, naye hakusema.

Kesho yake nilikuwa nisimamie ubatizo wa mtoto wa dada yangu. Suti nilikuwa nimeitoa kwa dobi mjini, nikaitandaza kitandani isije ikakunjika, nikaenda kukaa na wenzangu motoni. Yaliyotokea chumbani sitayaeleza kwa urefu, kwa kuwa wapo wanaosoma huku wanakula. Itoshe kusema kwamba tumbo la paka lilikuwa limekataa mzigo, na kwamba paka ni mnyama msafi: alijitahidi kuufukia kwa tai yangu.

Nilisimamia ubatizo nikiwa ndani ya koti la mjomba, mtu ambaye mafuta hayajawahi kumdhuru. Mikono ya koti ilipita vidole vyangu, na kila nilipofanya ishara ya msalaba, jirani yangu wa kushoto alipata kofi. Picha zipo, na zimeshatumwa kwenye kundi la ukoo.

Huku nyumbani mambo hayakuwa bora. Paka alijilaza kwenye majivu ya moto akiugulia tumbo, panya wakapata likizo yao ya Krismasi, na gunia la maharage ya mbegu likatobolewa ubavuni. Hapo ndipo Bibi alipokasirika. Suti ni suti. Maharage ni msimu mzima.

Bwana mifugo alikuja kumwona ng'ombe wa Bibi, akaulizwa na habari ya paka kwa kupitia. Alisema panya ni sahani iliyokamilika: ana nyama, mifupa, ini, moyo na mafuta yake humo humo. Sungura wa Ujerumani aliyechunwa na kusafishwa anapungukiwa, kwa hiyo fereti ana haki ya kuongezewa; paka anayekula panya mzima hadai kitu. Gramu ya mafuta inatoa kalori 9, ya protini 4, kwa hiyo mnyama anayeshibishwa mafuta anaiacha nyama, na kwenye nyama na moyo ndiko iliko taurini, ambayo paka akiikosa kwa muda mrefu anapofuka na moyo wake unadhoofika. Mbwa ndiye wa kuogopewa zaidi, maana mafuta mengi kwa mpigo yanaweza kumvimbisha kongosho. Na ini au pafu lenye malengelenge asitupiwe kabisa, kwa kuwa minyoo yake hupitia kwa mbwa ikarudi kwa watu.

"Ndiyo maana nilileta mizani," akasema binamu. Alikuwa na haki.

"Mizani ilikuwa moja," akajibu Bibi, "wenye mikono tulikuwa wengi." Hakusema mkono wake ulikuwa wa ngapi, na sisi wajukuu hatukumuuliza, maana heshima ni kitu cha bure.

Basi wewe unayejiandaa kupanda mlimani Desemba hii, chagua mtu mmoja wa kumlisha paka, na huyo mmoja ajulikane. Kipande cha ukucha kinatosha. Kilichobaki kitie kwenye sufuria ya machalari. Paka akikulilia chini ya meza usiku wa Krismasi, kabla hujanyoosha mkono uliza nyumba nzima nani ameshampa. Na suti itundike.